Kiungo Kati ya Darubini na Bunduki: Historia ya Kitu Kinachopaswa Kurudi Palepale

Historia ya vita katika vyuo vyetu hufundishwa kwa majina ya majemadari na tarehe za mapigano. Mwanafunzi hujua nani alimshinda nani, wapi na mwaka gani. Ni mara chache huulizwa chombo kilichotumika kilifungwa vipi, na ni nani aliyejua kukifunga. Katika makala haya nakusudia kuuliza swali hilo la pili, nikitumia kitu kidogo mno: pete mbili za chuma zinazoshika darubini juu ya bunduki, hasa zile zinazoweza kufunguliwa na kurudishwa.

Nimechagua kitu hiki kwa makusudi. Dola hununua vyombo vingi vya thamani kubwa: mashine za hospitali, mitambo ya maji, mifumo ya kompyuta ya kukusanyia kodi. Vingi havishindwi kwa sababu ni vibovu. Hushindwa mahali vinapoungana na kitu kingine, na kwa kuwa mahali hapo hapana jina wala bajeti, hapana anayewajibika. Historia ya pete za darubini inatuonyesha jambo hilo kwa uwazi kuliko mfano mwingine wowote ninaoujua, kwa kuwa hapa kosa hupimika kwa milimita na gharama yake huhesabiwa kwa roho za watu.

Hesabu ya karatasi moja

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu mengine yote yataonekana kuwa mapambo. Bunduki yenye darubini ina mistari miwili. Mmoja ni wa mtutu, ambao risasi huufuata inapotoka. Mwingine ni wa jicho, unaopita katikati ya vioo vya darubini. Mistari hii haiwezi kuwa mmoja, kwa sababu darubini hukaa juu ya mtutu au ubavuni mwake. Kazi ya mfungaji ni kuhakikisha kwamba inakutana pale mlengaji anapotaka ikutane, na kwamba itaendelea kukutana hapo kesho na kesho kutwa.

Chukua pete mbili zilizoachana kwa milimita 100. Weka chini ya pete moja kipande cha karatasi chenye unene wa milimita 0.1, kama karatasi ya kawaida ya ofisini. Kipande hicho peke yake kinaugeuza mwelekeo wa darubini kwa sehemu moja ya elfu. Katika umbali wa mita 100, risasi itapita sentimita 10 mbali na pale nyuzi za msalaba zilipoonyesha. Katika mita 300 itapita sentimita 30. Mlengaji aliyeelekeza nyuzi katikati ya shabaha atapiga pembeni kabisa, au hatapiga kitu. Kwa hiyo fundi anapokuambia kwamba darubini hii inatoka na kurudi, amekuambia jambo zito: kwamba kila itakaporudi itakaa palepale, kwa tofauti iliyo ndogo sana kuliko unene wa karatasi.

Mtu atauliza: kama hatari ni kubwa kiasi hicho, kwa nini darubini isifungwe moja kwa moja isitoke tena? Sababu zilikuwa nyingi, na zilikuwa za kweli. Vioo vya zamani vilikuwa dhaifu, vikiingia ukungu na maji ya mvua. Mwindaji aliyekutana ghafla na mnyama hatua ishirini mbele yake alihitaji vilengeo vya chuma vya kawaida, kwa sababu darubini humwonyesha manyoya matupu. Bunduki nyingi za kijeshi zilipakiwa risasi kutoka juu, na darubini ilizuia njia hiyo. Tena bunduki husafirishwa, huangushwa, hugongwa. Ilikuwa busara kukiondoa kioo na kukihifadhi kwenye mkoba wake. Haja ya kutoa ilikuwapo tangu mwanzo. Tatizo lilikuwa namna ya kurudisha.

Mkono wa fundi

Darubini juu ya bunduki si jambo la karne ya 20. Huko Marekani, William Malcolm wa Syracuse, New York, alianza kazi ya kuzitengeneza mwaka 1855, na darubini ndefu za aina hiyo, nyingine zikikaribia urefu wa mtutu wenyewe, zilitumika katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Hata hivyo, msukumo mkubwa wa kutafuta pete za kutoa na kurudisha ulitoka kwa wawindaji wa Ujerumani na Austria kuelekea mwisho wa karne ya 19. Wao waliwinda kulungu na nguruwe mwitu msituni, mara nyingi jua linapochwea, wakati jicho tupu halioni tena vilengeo vya chuma. Kioo kilikusanya mwanga uliobaki.

Katika mji wa Suhl, wenye jadi ndefu ya uhunzi wa bunduki, mafundi walikuza mfumo wa makucha. Pete mbili zililehemiwa kwenye bomba la darubini. Chini ya kila pete palikuwa na kucha za chuma. Juu ya mwili wa bunduki palikuwa na vikalio viwili vyenye matundu ya kupokea kucha hizo. Mwindaji aliingiza kucha za mbele kwanza huku darubini imeinama, kisha akaibana sehemu ya nyuma mpaka kitasa kikalia. Kuiondoa ilikuwa kazi ya sekunde chache: kusukuma kitasa, kuinua nyuma, kuchomoa mbele.

Wepesi huo wa mwindaji ulisimama juu ya uzito wa kazi ya fundi. Kila kucha ilipakwa masizi, ikaingizwa kwenye tundu lake, ikatolewa na kukaguliwa. Pale masizi yalipokwanguka ndipo chuma kiligusana na chuma, na hapo ndipo tupa ilipita kidogo. Kisha masizi tena, na tupa tena, mpaka mguso ukaenea sawasawa. Kazi hiyo ilidai siku na subira, na matokeo yake yalikuwa ya ajabu: kiungo kilichoweza kutoka na kurudi kwa miaka mingi bila kupotoka. Lakini kilikuwa kiungo cha bunduki moja na darubini moja. Ukiichukua darubini hiyo kwenye bunduki ya jirani, iliyotoka karakana ileile, haikukaa. Ujuzi wenyewe haukuwa umeandikwa mahali popote. Ulikuwa vidoleni mwa fundi, naye aliurithisha kwa mwanagenzi wake kwa kumwonyesha.

Sidharau ujuzi wa namna hiyo. Nasema tu kwamba una mpaka. Unaitosha jamii ya wawindaji mia moja, na unaishinda jamii inayotaka bunduki elfu kumi kwa haraka.

Mwaka 1915 na bei ya kutojua

Haraka hiyo ilikuja Agosti 1914. Vita vilipogeuka kuwa vya mahandaki huko Ufaransa na Ubelgiji, Wajerumani walikusanya bunduki za wawindaji zilizokuwa na darubini na kuzipeleka mstari wa mbele, huku viwanda vyao vikianza kufunga darubini kwenye bunduki za kijeshi. Nyuma ya bunduki hizo walikuwa watu waliokulia kwenye misitu ya uwindaji na wanaojua tabia za vioo. Waingereza waliokuwa upande wa pili walijikuta wakidunguliwa kila walipoinua kichwa.

Uingereza ilijibu kwa kununua. Makampuni yakapewa kazi ya kutengeneza darubini na kuzifunga kwenye bunduki za jeshi. Fedha zilitoka na vifaa vikafika. Matokeo hayakuwa kama ilivyotarajiwa, na shahidi mkuu wa jambo hili ni Hesketh Hesketh-Prichard, mwandishi, msafiri na mwindaji aliyefika Ufaransa mwaka 1915 na baadaye kusimulia uzoefu wake katika kitabu kilichotoka mwaka 1920. Alipozunguka vikosini alikuta darubini nyingi zimepotoka shabaha na hakuna aliyejua. Zilikuwa zimegongwa, zimelegea kwenye vikalio vyake, au zimekabidhiwa kutoka kikosi kimoja hadi kingine bila neno lolote la maelezo. Askari aliyekabidhiwa aliona kioo kizuri akakiamini. Alilenga sawasawa na kukosa, bila kujua sababu.

Kulikuwa na kosa jingine, nalo lilitoka mezani kwa wakubwa. Darubini nyingi za Kiingereza zilifungwa ubavuni, upande wa kushoto wa bunduki, ili juu pabaki wazi kwa kupakia risasi kwa kibanio cha risasi tano. Mtu aliyefikiri juu ya utaratibu wa kupakia aliona ni busara. Mtu aliyelala handakini aliona mengine. Alilazimika kulipeleka shavu lake kando ya kitako, mahali ambapo shavu halitulii. Alipotumia tundu jembamba la kulengea kwenye bamba la chuma, mtutu uliingia tunduni na darubini ikakabiliana na bamba. Isitoshe, mstari wa jicho na mstari wa risasi sasa vilikatana kama mkasi. Tuseme darubini iko sentimita 6 kushoto na mistari inakutana katika mita 200: katika mita 400 risasi itakuwa imevuka na kutoka sentimita 6 upande wa pili. Mdunguaji halengi kwa kubahatisha, na kila kosa dogo linalojulikana mapema lina nafuu kuliko lile linalojificha.

Dawa ya Hesketh-Prichard haikuwa kununua darubini zaidi. Alizipima zilizokuwapo, akazirekebisha, na mwaka 1916 akaongoza shule ya udunguaji na uchunguzi ya Jeshi la Kwanza la Uingereza huko Linghem. Hapo maofisa na askari walifundishwa kutunza kifaa, kukijaribu, kuandika wanachokiona, na kutokiamini kabla ya kukipima. Vifaa vilevile vilivyokuwa mzigo vikawa silaha. Kati ya aliyekufa mwaka 1915 na aliyepona mwaka 1917, mara nyingi tofauti haikuwa kifaa kipya, ilikuwa mafunzo.

Bunduki ya mwindaji katika bonde la Rufiji

Nimetaja wawindaji mara kadhaa, na msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuuliza uwindaji huo ulikuwa na sura gani kwetu. Vita hivyohivyo vilipiganwa hapa. Huku pia wawindaji waligeuzwa kuwa askari, ila sheria zilikuwa zimeamua mapema nani aitwe mwindaji. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, akiuweka chini ya leseni. Mzungu mwenye leseni na bunduki akawa mwindaji wa halali. Mwenyeji aliyewinda kwa desturi za wazee wake akaanza kuitwa jangili. Mwafrika alibeba bunduki ya bwana porini, akaisafisha, akamkabidhi kwa wakati. Lakini kuimiliki na kuamua matumizi yake hakukuwa kwake.

Tarehe 4 Januari 1917, karibu na Beho Beho katika bonde la Rufiji, Kapteni Frederick Courteney Selous, mwindaji mashuhuri wa Kiingereza aliyekuwa akipigana upande wa Uingereza, alipigwa risasi na mdunguaji wa upande wa Wajerumani akafa. Ilikuwa siku nne baada ya kutimiza miaka 65. Kaburi lake liko hukohuko, na mwaka 1922 pori la akiba lilipewa jina lake. Sehemu kubwa ya pori hilo ndiyo iliyofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Jina la mwindaji mmoja lilikaa kwenye ramani yetu karibu karne nzima.

Weka kando ya jina hilo mambo mawili. La kwanza: askari wengi Waafrika wa jeshi la Wajerumani waliingia vitani na bunduki za muundo wa mwaka 1871, zilizotoa moshi mzito kila zilipofyatuliwa na kumwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Chombo cha kisasa kiligawiwa kwa kufuata cheo na rangi. La pili: makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu wakibeba mizigo ya pande zote mbili. Kumbukumbu yao kubwa katika jiji la Dar es Salaam ni jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Waliobeba masanduku ya vyombo vya usahihi hawakufundishwa usahihi wenyewe. Ukoloni ulitufundisha kubeba chombo; namna ya kukifunga ulibaki nayo.

Daftari na namba

Turudi kwenye pete, maana historia yake iliendelea. Vita vya pili vilipofika, Uingereza ilikuwa imejifunza. Bunduki yao ya udunguaji, ile iliyoitwa Namba 4 alama ya T, ilianza kwa uteuzi: kiwandani zilichaguliwa bunduki zilizoonyesha usahihi mkubwa kwenye majaribio, kisha zikapelekwa kwa kampuni ya Holland & Holland ya London, iliyojulikana kwa bunduki za wawindaji matajiri. Mafundi wake walifunga vikalio viwili vya chuma ubavuni mwa bunduki na kuvisawazisha kwa mkono. Mkono mmoja wa chuma wenye pete mbili ulishika darubini Namba 32 juu ya mstari wa mtutu, ukabanwa kwenye vikalio kwa skrubu mbili kubwa zenye vichwa vya kuzungushwa kwa vidole. Bunduki zaidi ya 20,000 zilipita mikononi mwao.

Kwa macho ya mtu wa karakana, hayo yalikuwa mafanikio ya uhunzi. Kwa macho ya mtumishi wa umma, jambo kubwa zaidi lilikuwa namba. Namba ya bunduki ilichongwa kwenye mkono ulioshika darubini. Namba ya darubini ilichongwa kwenye shingo ya kitako cha bunduki. Kila kimoja kilitaja mwenzake. Vilitunzwa katika sanduku moja la mbao, na darubini ikiwa na kopo lake la chuma. Askari alipokufa, akajeruhiwa au kuhamishwa, aliyempokea hakuhitaji kumjua wala kumuuliza. Alisoma namba, akalinganisha, akajua kama alichopewa ni jozi kamili au ni vipande vilivyochanganywa.

Naomba wasomaji wangu walio maofisini wazingatie hapa. Mfumo huo bado ulitegemea mkono wa fundi, kwa sababu darubini ya bunduki moja haikukaa sawa kwenye nyingine. Walichoongeza ni kumbukumbu inayosafiri pamoja na kifaa. Ile ndiyo hati ya makabidhiano iliyochongwa kwenye chuma. Haikukaa kwenye droo ya mtu, wala haikuondoka naye alipostaafu.

Kiwango cha umma

Hatua ya tatu ilianzia kwenye soko la raia. William Ralph Weaver, fundi wa Marekani, alianzisha kazi ya darubini za bei nafuu mwaka 1930, na mwaka 1933 akaihamishia El Paso, Texas. Pamoja na darubini alieneza vikalio vyenye kingo za mshazari na mifuo ya kukatisha, na pete zilizobana kwenye kingo hizo kwa skrubu yenye kichwa kikubwa. Mwindaji wa kawaida aliweza kutoa darubini yake kwa vidole, au kwa sarafu, na kuirudisha. Kiungo kilikuwa kimeondoka Suhl na kuingia dukani.

Upungufu wake ulionekana baadaye. Nafasi kati ya mifuo haikuwa moja kwa vikalio vyote. Majeshi yalipoanza kufunga vifaa vya kuonea usiku, taa na darubini za kila aina, kila kifaa kilikuja na kiungo chake, na kila kiungo kilidai sehemu zake na mafunzo yake. Februari 1995, jeshi la Marekani likapitisha kiwango MIL-STD-1913, kwa kazi iliyofanyika katika ghala na kituo chake cha utafiti cha Picatinny, New Jersey. Reli ya Picatinny, kama inavyoitwa, ina mifuo yenye upana wa milimita 5.23, na kutoka katikati ya mfuo mmoja hadi katikati ya mwingine ni milimita 10.01, daima. Pete za Weaver, zenye pini nyembamba zaidi, mara nyingi hukaa kwenye reli hii. Za Picatinny hazikai kwenye mfuo wa Weaver, ambao ni wa milimita 4.57 tu. Mwaka 2009 jumuiya ya NATO ikatoa kiwango chake kinachoufuata mfumo huo kwa vipimo vya metriki.

Maana ya mabadiliko haya ni kubwa kuliko vipimo vyenyewe. Mchoro ulichapishwa, na yeyote mwenye mashine nzuri aliweza kutengeneza reli au pete, naye aliyenunua aliweza kupima na kukataa. Siri ya vidole vya fundi iligeuzwa kuwa namba ambazo mwananchi anaweza kuzidai.

Hata hivyo, kiwango hakikuondoa nidhamu. Anayefunga pete hizi leo bado hufuata hatua zilezile. Huondoa mafuta kwenye kikalio na kwenye skrubu. Hukaza kikalio kwanza, kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, si kwa nguvu za mkono. Huweka pete kwenye mfuo na kuisukuma mbele hadi pini iguse ukuta wa mbele, kwa kuwa bunduki inapopiga teke kurudi nyuma, darubini kwa uzito wake hutaka kubaki ilipokuwa. Pini ikiwa haijagusa ukuta, risasi ya kwanza itaihamisha. Husogeza bomba mpaka jicho lione duara kamili bila kunyoosha shingo, na huliacha jicho mbali na kioo, teke lisimpasue nyusi. Husawazisha nyuzi kwa pimamaji. Hukaza skrubu za pete kwa kupokezana, kidogo kidogo, upande huu na upande huu. Mwisho huandika namba ya mfuo alioutumia.

Kisha huja jaribio ambalo wauzaji hawalipendi. Hupiga risasi kadhaa, hutoa darubini, huirudisha kwenye mfuo uleule, na hupiga tena. Kundi la pili likiangukia juu ya la kwanza, ahadi imetimia. Likihama, maneno yote ya kwenye boksi ni bure.

Tunachopaswa kudai

Najua pingamizi mbili zitakazokuja. Ya kwanza ni ya kimaadili: kwa nini tujifunze utawala kutoka kwa chombo cha kuua? Jibu langu ni kwamba kiwango hakijui haki. Reli ya Picatinny humtumikia askari anayelinda mpaka na anayewafyatulia risasi waandamanaji, bila kuwatofautisha. Usahihi hutuambia risasi itafika wapi. Hautuambii ielekezwe kwa nani, au kama ipigwe kabisa. Swali hilo ni la katiba, la bunge na la mahakama, na hakuna fundi awezaye kulijibu kwa niaba yetu. Ndiyo maana wanaharakati wanaouliza juu ya ununuzi wa vyombo vya dola hawapaswi kuambiwa kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu yasiyowahusu.

Pingamizi la pili ni la kisiasa, nami naliunga mkono nusu. Kiwango nilichokisifu kiliandikwa na jeshi la taifa moja kubwa, kikapokewa na washirika wake. Anayeandika kiwango huamua soko. Sisi tulio wengi hukipokea kikiwa kimekamilika, kama vile wapagazi walivyopokea masanduku. Lakini tofauti ipo. Sanduku lililofungwa halikumfundisha mpagazi kitu. Kiwango kilichochapishwa kinasomeka, kinapimika na kinaweza kufundishwa katika vyuo vyetu vya ufundi. Wajibu wetu ni kukisoma, kisha kudai kiti pale viwango vijavyo vinapoandikwa: vya umeme, vya dawa, vya takwimu za raia.

Kwa hiyo nawaachia wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma maswali matatu ya kuuliza kila chombo kipya kinapozinduliwa kwa utepe na picha. Nani anajua kukifunga na kukipima, na amemfundisha nani? Kumbukumbu yake iko wapi, na je, itabaki pale mhusika akihamishwa? Kipimo chake kimechapishwa wapi, ili asiyekuwa ofisini naye aweze kukikagua?

Pasipo fundi, chombo hakitafungwa sawasawa. Pasipo kumbukumbu, anayerithi ofisi ataanza upya. Pasipo kipimo kilicho wazi, tutaendelea kuamini kioo kizuri, kama walivyofanya askari wale mwaka 1915, na kustaajabu kwa nini kila tunapolenga tunakosa.